Kijani Alichokiona Kimya

4 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii na ramani iliyomo ndani ya bomba la karatasi ngumu vimekufikia bila kukunjwa. Nilimsihi mpokea mizigo wa feri asilikalie, maana nilimwona akilitazama kama mtu anayetazama kiti. Sisi huku hatujambo. Goti la mama bado linamsumbua anapopanda ngazi, ila akishafika juu husema halikuwa likiuma hata kidogo. Anakusalimu, na anauliza kwa nini hujanunua simu nyingine tangu ile izame. Nimemwambia wewe unapenda barua. Akasema wewe hupendi kupigiwa.

Sasa habari ya kazi. Wamenipanga kitengo cha ramani za bahari. Nina meza yangu, taa yangu, na kiti kinachozunguka ambacho bado sijathubutu kukizungusha. Mkuu wetu ni mama mmoja mwembamba anayevaa miwani machoni na nyingine kichwani. Tunamwita Mama Rula, si mbele yake.

Programu tunayochorea ramani ina dirisha dogo la kupangia rangi za vina. Upande mmoja unaandika kina: mita sifuri hadi mbili, mbili hadi tano, na kuendelea. Upande wa pili unachagua rangi. Ukibonyeza, bahari nzima inajipaka mbele ya macho yako. Zamani vina vyote vilikuwa buluu, nzito kwenye maji madogo na hafifu kwenye maji mengi, na manahodha wakalalamika kwamba mtu mwenye haraka hatofautishi. Kwa hiyo Mama Rula akaamua mpango mpya: maji madogo kabisa nyekundu, yanayofuata machungwa, halafu njano, halafu kijani pale penye maji ya kutosha, na buluu kwenye kina kirefu. Hata mtoto wa darasa la kwanza ataelewa, alisema.

Ila machungwa na kijani alizoniwekea zilifanana mno. Nilishangaa kwamba mtu makini kama yeye hakuliona hilo. Sikutaka kumsumbua, kwa sababu amelazwa hospitalini kwa maumivu ya mgongo, hivyo nikavuta kile kitelezi cha rangi polepole mpaka zikaachana vizuri. Machungwa sasa imekolea, na kijani kimepauka. Mtu hawezi kuzichanganya tena.

Mjomba, naogopa. Mwenzangu wa meza ya pili akikosea herufi, anafuta. Mimi nikikosea, watu wanapanda mwamba. Ramani hii ni ya majaribio, nakala moja tu, ya lango la miamba unalopita kila siku. Kabla ya kulazwa Mama Rula alikubali ijaribiwe kwenye feri yako, kwa kuwa nilimwambia hakuna anayelijua lango lile kukushinda. Ndani yake nimeweka maelezo mafupi: nyekundu na machungwa, usipite, njano, punguza mwendo, kijani na buluu, pita. Itazame juani, itazame na ndani. Niambie ukweli hata kama utaniumiza.

Mpwa wako

21 Machi

Bwana Rangi,

Marahaba. Bomba limefika zima, ingawa yule bwana alilikalia. Nilimfumania mwenyewe, na alipoinuka akaniambia alikuwa analilinda. Mwambie dada kwamba goti ni lake lakini ngazi ni za mwenye nyumba, ahamie chini.

Nimeitandaza ramani yako kwenye meza ya chumba cha usukani na kuweka vikombe kwenye pembe zake. Mpwa wangu, sikusifii kwa sababu ya damu. Hii ndiyo ramani ya kwanza yenye rangi nyingi ambayo sikulazimika kuikodolea macho. Ile iliyokolea ni hatari, ile iliyopauka ni salama, basi, kazi imekwisha. Waliotangulia walikuwa wanatupakia rojo. Mwambie Mama Rula wako akuongezee mshahara, na akikataa mwambie mjomba wangu ana feri.

Nimemwachia pia Kimya, msaidizi wangu wa usukani, aizoee. Unamkumbuka? Yule ambaye ukimsalimu Jumatatu anaitikia Jumatano. Aliitazama, akasoma na maelezo yako, akasema, "Sawa." Kwa Kimya hiyo ni hotuba.

Humu ndani kuna barua rasmi kwa ofisi yako, yenye sahihi yangu, kwamba nimeikagua na kila rangi iko mahali pake. Acha kuogopa. Zungusha hicho kiti.

Mjomba wako

12 Mei

Mpwa wangu,

Sisi ni wazima. Naanza na hilo ili dada asome mstari huu tu, kama hataweza zaidi.

Jana asubuhi, maji yakiwa yamekupwa, tulipanda mwamba kwenye kona ya lango. Mimi nilikuwa chini kwa injini, mkanda ulikuwa unapiga kelele. Kimya alikuwa usukanini. Boti ya mchanga ilikuja kutoka mbele, naye akasogea pembeni kuipisha. Nilisikia sauti kama ya mtu anayeburuta kabati juu ya saruji, kisha nikajikuta nimekaa juu ya sanduku la spana, bila kujua nimefikaje hapo.

Juu watu walikuwa wanapiga kelele wote kwa pamoja. Feri imelala upande, viti vimeng'oka, fundi cherehani mmoja amevunjika mkono, na mtu mwingine ananipiga begani akiniuliza, "Nahodha, tunazama? Tunazama?" kama vile mimi ndiye nimeficha jibu. Hatukuzama. Mwamba wenyewe ulitushika mpaka boti za msaada zikafika.

Kimya alikuwa bado ameushika usukani, kana kwamba tunakwenda. Nikamwuliza, "Umepita wapi?" Akasema, "Kwenye kijani." "Kijani kipi?" Akaweka kidole juu ya ramani. Mpwa wangu, alikiweka katikati kabisa ya machungwa! Nikamwambia, "Kimya, wewe kipofu?" Akakirudisha kidole palepale.

Barua hii naiandikia gatini, feri bado iko juu ya mwamba.

Mjomba

19 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo, na pole, na pole tena. Mama alisoma mstari wa kwanza, akakaa, akasoma wa mwisho, akaninyang'anya bahasha kuangalia kama kuna karatasi nyingine umeificha humo. Tangu hapo anafunga na kufungua madirisha bila sababu.

Mimi, niliposoma neno mwamba, nilikimbilia ofisini hata kabla ya mlango kufunguliwa. Niliwasha mashine, nikafungua dirisha la rangi, nikatazama mstari kwa mstari. Mita mbili hadi tano: machungwa. Mita kumi hadi ishirini: kijani. Nilitazama mpaka macho yakatoa machozi. Hakuna kosa. Mjomba, nilishusha pumzi, na naona aibu kwamba nilishusha pumzi wakati mtu amevunjika mkono.

Bodi ya uchunguzi imeshafika kwetu. Ni wazee watatu, na mmoja anaandika bila kuangalia karatasi. Waliniuliza kama ramani ilikuwa sahihi. Nikasema ndiyo. Waliniuliza nani aliikagua, nikawapa barua yako. Wakaitikia kwa vichwa, wameridhika, na yule anayeandika akasema, "Basi ni mtu wa usukani." Alisema hivyo kama mtu anayefunga droo.

Wamemsimamisha Kimya. Wanataka ramani yenyewe, kwa hiyo naomba uirudishe kwa bomba lilelile. Tafadhali niambie kama unalala vizuri. Mama anataka kujua, na mimi pia.

Mpwa wako

2 Juni

Mpwa,

Marahaba. Nalala. Mwambie dada nalala.

Ramani hii hapa. Ililowa siku ile, nikaianika kwenye chuma cha ngazi, ndiyo maana ina mstari katikati. Nimewaandikia bodi kwamba iko vilevile nilivyoipokea, na machungwa iko juu ya mwamba pale inapotakiwa kuwa.

Kimya alikuja nyumbani. Hakuingia ndani, alisimama mlangoni na kofia mkononi. Nikamwambia, "Kaa." Akakataa. Akasema, "Nahodha, nilipita kwenye kijani." Nikamwambia, "Rafiki yangu, mtu hukosea. Sema tu ulikosea, nitakutetea." Akasema, "Nikisema nilikosea nitakuwa nadanganya." Halafu akaongea maneno mengi kuliko niliyoyasikia kwake miaka yote: "Mwambie mpwa wako amwulize mtu mwingine. Mtu yeyote tu anayepita. Amwulize hata mtoto." Nikamwambia aende akapumzike.

Wanataka kumnyang'anya cheti cha usukani, na akinyang'anywa hashiki tena chombo popote. Ni mtu mwema, mpwa wangu. Ndiyo maana uongo wake unaniumiza. Mtu mwema angesema machungwa ni machungwa.

Mjomba

13 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama hajambo, goti vilevile. Sijui nianze wapi, kwa hiyo nitaeleza kama ilivyotokea.

Mama Rula amerudi kazini, anatembea wima kama ubao. Bomba lilifika wakati amesimama mezani kwangu. Alilifungua mwenyewe, akaitandaza ramani, akainama juu yake na kubaki ameinama. Nilidhani mgongo umemshika. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Nani amefanya hivi?"

Nikasema ni mimi.

Akaweka kidole kwenye mwamba wenu. "Hii ni rangi gani?"

"Machungwa, mama."

"Na hii?" Kidole kikawa kwenye maji salama kando ya njia ya meli.

"Kijani."

Mwenzangu wa meza ya pili akacheka, akidhani nafanya mzaha. Mama Rula hakucheka. Alifungua skafu shingoni mwake, akainyoosha mbele yangu. "Na hii?"

"Kahawia," nikasema.

"Mwanangu," akasema, "hii ni kijani. Nimeinunua kwa sababu ni kijani."

Nilitazama ile skafu, Mjomba. Niliitazama kama mtu anayetazama mdomo wa mwingine ukisema jina lake vibaya. Mama Rula akamwita mlinzi wa mlangoni, akamwonyesha mwamba kwenye ramani. Mlinzi akainama, akasema bila kufikiri, "Kijani, bosi. Kuna nini?" Akaonyeshwa kando ya njia ya meli. "Machungwa hiyo." Akatutazama mmoja mmoja. "Kuna zawadi?"

Nilikwenda kwa daktari wa macho siku hiyohiyo. Ana kitabu ambacho kila ukurasa umejaa madoa ya rangi, na ndani ya madoa kuna namba. "Unaona namba gani?" Naona madoa. "Na hapa?" Madoa. Nyuma yangu alikuwepo mgonjwa mwingine akisubiri zamu, nikamsikia akinong'ona namba zote, moja baada ya nyingine, kwa urahisi, kama anasoma namba za nyumba za mtaani kwake. Daktari akafunga kitabu kwa upole. Upole ule ndio ulionitisha.

Nilizigeuza, Mjomba. Mama Rula aliniwekea rangi sahihi, nami nikazivuta mpaka zikaachana kwa macho yangu, na kumbe machungwa niliifanya kijani na kijani nikakifanya machungwa. Halafu nikaandika kwa mkono wangu, kijani, pita. Kimya alipita. Alifanya nilichomwambia.

Daktari alinieleza pia macho ya namna hii hutoka wapi. Hilo nitaliandika siku nyingine.

Ndani ya bahasha kuna vipande viwili vya karatasi. Mama Rula amevikata mwenyewe kwa ombi langu. Kimoja ni machungwa na kimoja ni kijani. Kimoja nimekikata kona. Usimwonyeshe mtu yeyote. Niambie tu cha machungwa ni kipi, chenye kona au kisicho na kona. Mimi siwezi.

Mpwa wako

17 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa. Bati la jikoni lilikuwa linavuja, nikapanda kuliziba, nikakuta na mbao zimeoza, na ukishaanza mbao huachi. Feri imetolewa juu ya mwamba na iko kwenye gati la matengenezo. Mkanda wa injini wameubadilisha, ingawa mkanda haukuwa na kosa. Wamenipa feri ndogo ya zamani kwa muda. Inatikisika kama meno ya mzee, lakini inafika. Mwambie dada jirani yangu yule mwenye redio amehama, sasa nasikia hata paka akifikiri.

Nimesikitika kuhusu macho yako. Kijana msomi kama wewe atapata kazi nyingine mezani. Usimsikilize sana daktari, hao wakikosa ugonjwa wanauunda.

Kuhusu vile vipande. Nimevitazama juani na nimevitazama ndani. Umenitumia viwili vya rangi moja. Sipendi utani wa namna hiyo kwa mtu wa umri wangu.

Mjomba

22 Julai

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo.

Si vya rangi moja.

Niliposoma mstari wako wa mwisho nilimpa mama barua. Aliusoma, akanitazama, akasema, "Nyanya." Nikauliza nyanya gani. Akasema mlipokuwa wadogo alikuwa akikutuma bustanini uchume zilizoiva, nawe unarudi na kikapu nusu mbichi, na wote wanakucheka kwamba huna subira. "Tulimcheka miaka mingi," akasema. "Na yeye akawa anacheka pamoja nasi."

Sasa nitaandika alichosema daktari. Macho haya kwa kawaida humjia mwanamume kupitia kwa mama yake. Mama mwenyewe huona vizuri, hajui amebeba nini. Aliniuliza, "Mama yako ana kaka?" Nikasema anaye. Akauliza anafanya kazi gani. Mjomba, nilimwambia wewe ni seremala.

Nilipomweleza mama, alikaa kwenye ngazi, palepale katikati, kila mtu akimpita. Aliuliza, "Kwa hiyo ni mimi?" Nikamwambia hapana, hakuna aliyefanya kitu. Akauliza tena, "Lakini imepita kwangu?" Nikakaa naye pale kwenye ngazi.

Bodi hawaniamini. Mama Rula aliwapa ramani na cheti changu cha daktari. Walisema maji ya chumvi hubadilisha wino, na kwamba mashine imekuwa mikononi mwangu tangu ajali, hivyo ningeweza kugeuza rangi baadaye ili kumwokoa mtu wa usukani. "Nahodha mzoefu," wakasema, "aliiona ramani ikiwa kavu, akaiona ikiwa imelowa, na mara zote mbili ameandika kwamba machungwa iko mahali pake. Tumwamini yeye au kijana wa miezi michache kazini?" Barua zako mbili ndizo zinazomfunga Kimya. Kesi yake ni tarehe tano Agosti, ofisi ya gati, huko kwenu. Ushahidi wangu nimeutoa kwa maandishi. Mama Rula amenihamishia kwenye namba za vina. Rangi anachagua yeye.

Sitawaambia habari za macho yako. Hayo ni yako. Nimesema yangu tu, na yangu hayatoshi.

Naogopa kuipeleka barua hii posta. Naogopa pia kutoipeleka.

Mpwa wako

9 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Mwambie dada anyanyuke kwenye ngazi. Mwambie nyanya zile mbichi zilikuwa tamu.

Nilikwenda. Nilivaa koti la kazi. Kimya alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na ukuta, na mwenyekiti alikuwa ameshafikia sehemu ya kusoma barua yangu kwa sauti. Nikasimama. Nikavitoa vile vipande mfukoni, nikaviweka mbele yake. Nikasema, "Niulize cha machungwa ni kipi."

Akasema, "Nahodha, tusipoteze muda."

Nikasema, "Niulize."

Akauliza. Nikachagua chenye kona. Watu wakageukiana. Mwenyekiti akavichukua, akavichanganya chini ya meza kama mchezaji karata, akafunika kona kwa kidole gumba, akasema, "Jaribu tena." Nikajaribu. Mama mmoja anayeandika kumbukumbu akasema, "Jamani!" kisha akaziba mdomo. Akavichanganya tena. Mpwa wangu, hapo mwanzo nilidhani wananichezea. Nilitazama nyuso zao kutafuta mwenye kucheka, na hakuna aliyekuwa anacheka. Kimya alikuwa ameinamisha kichwa. Alikuwa anaona haya kwa niaba yangu.

Umeniuliza kwa kutouliza, kwa hiyo nakujibu. Sikujua. Boya mimi nalijua kwa umbo lake na mahali lilipo. Taa naijua kwa jinsi inavyopepesa. Watu wakisema nyekundu, wakisema kijani, nilidhani ni kama wanavyosema mtu ana sauti tamu: kila mmoja anaitikia, mazungumzo yanaendelea. Nilipoingia kazini waliniuliza kama naona mbali, nikaona mbali, wakagonga muhuri.

Kimya amerudishiwa cheti. Mimi nimeachishwa usukani siku hiyohiyo, na feri ndogo amepewa yeye. Nilimfuata nje kumwomba radhi. Nilimwambia, "Nilikuita kipofu." Akafikiri kwa muda wake wa kawaida, akasema, "Twende, maji yanajaa."

Ndivyo nilivyovuka kurudi nyumbani, nikiwa nimekaa nyuma pamoja na abiria kwa mara ya kwanza tangu nilipokuwa kijana. Kutoka pale huyaoni maji, mpwa wangu. Unaona mgongo wa nahodha. Nilidhani watu hutazama nje, kumbe wote walikuwa wanautazama mgongo ule. Mwanamke wa pembeni yangu alikuwa anamenya yai huku akiutazama. Mwingine alikuwa amempakata mtoto, mtoto naye akautazama, akapiga miayo, akalala. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na hofu. Miaka yote mgongo huo ulikuwa wangu.

Niliushika ukingo wa kiti mpaka tukafunga kamba.

Mjomba wako